Duka la Kuchapa Vijitabu vya Mazishi, Moshi Mjini: Nyota 4, Moja Nimeizuia kwa Sababu ya Yanga

Nimechelewa kuandika haya. Baba tulimzika Machame mwaka 2024, na tangu hapo kila nikikaa niandike kuhusu hili duka najikuta naandika kuhusu Baba. Nimeamua viende pamoja tu, maana kazi tuliyowapa ilikuwa hiyo hiyo: mzee wa miaka 76 aenee kwenye kurasa 12.

Jina la duka silitaji kwa sababu kuna kosa nitalieleza huko mbele, na sitaki watu wawakimbie kwa kosa ambalo nusu yake ni langu. Liko mjini, ghorofa ya kwanza, chini yake wanauza vipuri vya pikipiki. Unapanda ngazi nyembamba ambayo ukutani wamebandika sampuli za kazi zao: kadi za harusi, kalenda za vikoba, halafu safu nzima ya marehemu. Unapanda unatazamwa na watu waliokwisha tangulia, wote wamefunga tai, wote wako mawinguni. Nyuma ya kila mmoja kuna njiwa na ngazi ya dhahabu inayopotelea juu. Nilifika kileleni nimeshaamua kwamba Baba hataingia mawinguni. Ardhi aliipenda mno, angekasirika.

Ilikuwa Alhamisi saa 9 alasiri, mazishi Jumamosi. Kamati ilikuwa imegawa kazi: kaka yangu jeneza na gari, mdogo wetu maturubai na viti, shangazi chakula, mimi "mambo ya ratiba". Nafanya hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, na ukoo wetu unaamini mtu wa hesabu lazima anajua kompyuta. Nilikuwa na fleshi yenye picha 9 na daftari ambamo Baba mdogo, ambaye ni katibu wa ukoo, alikuwa ameandika wasifu wa kaka yake kwa kalamu nyekundu. Kwa nini nyekundu sijui. Ndiyo iliyokuwapo.

Bei kwanza, kwa wale mnaotafuta bei. Kijitabu cha kurasa 12, kava ya rangi kwenye karatasi ya kung'aa, ndani nyeusi na nyeupe: shilingi 1,800 kimoja. Rangi mwanzo mpaka mwisho: 3,500. Tulichukua vya 1,800, nakala 300, jumla 540,000, nusu unatanguliza kwa simu. Nilizunguka sehemu nyingine mbili kabla ya hapo. Moja walikuwa na bei ya chini kidogo lakini walitaka siku tatu, kana kwamba marehemu anasubiri. Risiti ya mashine hapa utapewa, ila uiombe. Mimi niliomba mara mbili.

Aliyenipokea ni binti mdogo sana, kwa kumtazama hafiki miaka 25, kucha zimepakwa rangi ya zambarau, anachapa bila kuangalia vidole. Nilimwambia nataka kurasa 13 kwa sababu ndivyo nilivyohesabu kwenye daftari. Hakubishana. Alichukua karatasi tatu nyeupe, akazikunja katikati, akazipachika moja ndani ya nyingine, akaandika namba kwenye kila pembe, kisha akazifungua mezani. Karatasi ya nje ilikuwa na ukurasa wa 1 na wa 12, kwa nyuma 2 na 11. Ya kati ilikuwa na 3 na 10, nyuma 4 na 9. "Dada, kila karatasi ni kurasa nne. Kwa hiyo ni 12 au 16, hiyo 13 haipo." Kumi na sita ingekuwa laki moja na ushee zaidi. Nikasema 12.

Mkumbuke hiyo karatasi ya kati. Itarudi.

Akaanza kuchapa daftari la Baba mdogo. Kuzaliwa 1948, kubatizwa, shule, kipaimara 1963, chuo cha ualimu Marangu, kuajiriwa, kuoa, kustaafu 2008. Halafu vyeo. Baba mdogo alijaza kurasa mbili na nusu za vyeo: mzee wa kanisa vipindi vitatu, mjumbe wa kamati ya ujenzi, mweka hazina wa jumuiya, mwenyekiti wa kamati ya shule, mjumbe wa hiki, mlezi wa kile. Baada ya vyeo daftari liliisha. Binti akasema, "Kipande cha tabia za marehemu tunacho tayari, dada. Nikibandike?" Nikasema bandika. Nilikuwa sijalala tangu Jumatatu usiku.

Akabandika. "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, mwenye roho ya kujitolea na baba mwema wa familia." Nikaisoma kwenye kioo cha kompyuta. Hakuna hata neno moja la uongo pale. Na lingemfaa yeyote kati ya wale wa kwenye ngazi.

Sijui kama binti aliuona uso wangu au ni kawaida yake. Aliacha kuchapa, akageuza kiti. "Huyu mzee alikuwa anafanyaje?" Nikamuuliza anafanyaje nini. "Huo ucha Mungu. Nyumbani alikuwa anafanyaje?"

Kwa swali hilo peke yake nawapa nyota tatu.

Nikamwambia kuhusu tarumbeta. Wasio wa Kilimanjaro hawajui: kwetu Walutheri kundi la tarumbeta ni kitu kizito, tulikipata kwa wamisionari Wajerumani, na hakuna sikukuu wala mazishi ya maana bila wao. Baba alipiga besi. Jumapili akirudi kutoka kanisani alikuwa na alama ya duara jekundu mdomoni, na sisi watoto tulikuwa tunaigusa kwa kidole kabla haijafutika. Besi haina wimbo wake, anayeisikiliza ni mpiga besi mwenzake tu, wengine wote wanaimba ile sauti ya juu. Alipiga miaka zaidi ya 40.

Nikamwambia kuhusu sala ya jioni. Saa 2 kamili baada ya chakula, kila siku, umeme uwepo usiwepo. Kila mtoto alikuwa na zamu ya kuchagua wimbo, na yeye hakuwahi kukataa chaguo la mtu. Mdogo wetu wa mwisho kwa muda wa mwaka mzima alichagua wimbo wa Krismasi ule ule, Machi, Julai, Pasaka yenyewe, na Baba aliuimba beti zote kwa uso wa Desemba. Mama ndiye alichoka. Baba alisema, "Mwacheni, kwake Yesu bado anazaliwa."

Nikamwambia kuhusu bahasha. Usharikani kila nyumba ina bahasha za ahadi zenye namba, na yetu ni 214. Baba alikuwa anaijaza Jumamosi jioni mezani mbele yetu, ili tuone kwamba inatoka kabla ya sukari na mafuta ya taa. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya 1989 na majirani wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, kuna Jumamosi aliweka sarafu na kuzifunga kwanza kwenye karatasi ya daftari zisitoe sauti kapuni. Mibuni hakung'oa. Mingine ipo mpaka leo, imezeeka, inazaa kwa kujisikia.

Binti alikuwa anaandika yote. Nilipofika kwenye kipaimara akacheka kidogo, kwa sababu Baba alikuwa na msemo wake: yeye na KKKT walipata kipaimara mwaka mmoja. Ni kweli, yale makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja Juni 1963, na Baba alichukulia kama vile wamefanya sherehe yake.

Kisha akauliza, "Na mama anasemaje?"

Mama hakuwa amesema chochote. Hakuna aliyemuuliza. Tangu Jumanne alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni na wanawake wa jumuiya, kila anayeingia anampa pole, naye anaitikia. Daftari la Baba mdogo lilimtaja mara moja tu: "alifunga ndoa takatifu 1974". Nikapiga simu, nikaweka spika.

"Shikamoo mama," binti akasema. "Mimi ndiye nachapa kitabu cha mzee. Pole sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa."

"Mama, kuna jambo unataka liwemo?"

Kimya kirefu, unasikia wale wanawake wanaimba nyuma. Mama akasema, "Andika alinipikia mtori."

Ilibidi aeleze, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia. Baba aliajiriwa Singida, kijijini, enzi zile za elimu ya watu wazima na kampeni ya Mtu ni Afya, mwalimu wa mchana anafundisha watoto na jioni anafundisha baba zao na kusimamia uchimbaji wa vyoo. Kaka yangu alizaliwa huko. Kwetu mzazi anatunzwa na mama mkwe, analishwa mtori, ndizi na nyama vimepondwa vikawa laini, na hagusi kazi. Singida hakukuwa na mama mkwe, shangazi wala mgomba. Baba alimwomba dereva wa lori awe anamletea ndizi kutoka Arusha. Zikifika nyingine zimeshaiva. Na ndizi iliyoiva haipikwi mtori, hilo hata mtoto analijua, ila mwalimu hakulijua au alikuwa hana jinsi. Akapika. "Ukawa mtamu kama uji wa sukari, una mifupa ya mbuzi ndani," Mama alisema. "Nikala nikamaliza. Nikamwambia umeweza. Akapika hivyo hivyo mpaka nilipotoka nje."

Binti alikuwa ameinamia kibodi. Mimi nilitoka nikasimama kwenye ngazi na wale marehemu.

Sasa tatizo likawa nafasi. Kurasa 12 zilikuwa zimejaa na mtori haujaingia. Wasifu ulikuwa na kurasa nne tu, kwa sababu ratiba, nyimbo, picha na shukrani vina sehemu yake, na nyimbo huwezi kuzipunguza, Mlutheri anaimba beti zote. Kilichobaki cha kukata ni vyeo. Nikampigia Baba mdogo. Akasema vyeo havikatwi, marehemu alivitolea jasho, na watu wa jimbo watakuwepo. Nikamwambia Bamdogo, ukurasa hauongezeki. Akasema ongezeni. Nikamwambia laki moja. Akasema atafikiria, akakata simu, na mpaka leo hajamaliza kufikiria. Dawa aliipata binti: akavipanga vyeo vyote kwenye safu mbili, herufi saizi 9, chini ya ukurasa wa 7. Vimo vyote. Kwa miwani vinasomeka.

Mstari wa kava nao tulibishana. Wao wanaweka 2 Timotheo 4:7, "Nimevipiga vita vilivyo vizuri", kwa kila mtu, umo kwenye kiolezo. Mimi nilitaka Zaburi 37:25, kwa sababu Baba aliuandika mwenyewe ndani ya jalada la Biblia yake: ule wa mzee anayesema hajamwona mwenye haki ameachwa. Walikubali bila maneno. Picha tukaweka ile aliyosimama shambani na shati la kijani, kifungo kimoja hakipo. Kaka alilalamika kuhusu kifungo. Picha ya suti ipo ukurasa wa 2, aende akaiangalie huko.

Haya, kosa.

Binti aliondoka usiku, akaachia kijana wa zamu amalizie kurasa za nyuma. Ijumaa asubuhi wakanitumia nakala ya kukagua kwa WhatsApp. Naomba niwe mkweli: nilikagua ukurasa wa 1 mpaka wa 8, nikasinzia na simu mkononi, nikaamka nikaandika "Sawa, chapeni." Mchana bodaboda wa Baba mdogo akachukua nakala 20 za mwanzo kwa ajili ya mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya. Saa 1 usiku nikafika kuchukua zilizobaki. Nikafungua moja kwa kujifurahisha tu, ukurasa wa 9, "Tutakukumbuka kwa", nikasoma: "ucheshi wako, na mapenzi yako makubwa kwa klabu ya Yanga."

Baba hakuwahi kuangalia mpira. Redio ikifika kwenye michezo alikuwa anakwenda kukamua ng'ombe.

Kijana alikuwa amefungua faili la marehemu mwingine ili apate mpangilio, akabadilisha jina, mistari miwili akaisahau. Mwenye duka mwenyewe alikuja, mama mtu mzima, hakutafuta maneno. Alisema tu, "Tunarudia, kwa gharama yetu, na huondoki bila vitabu." Ukurasa wa 9 uko kwenye ile karatasi ya kati, pamoja na wa 3, wa 4 na wa 10, kwa hiyo ilitosha kuchapa upya karatasi moja. Ila kijitabu kimeshapigwa pini. Nakala 280, pini mbili kila moja, pini 560 za kung'olewa kwa mkono. Tulikaa sakafuni: mimi, binti aliyeitwa kutoka nyumbani akaja na kanga, kijana mwenyewe ambaye hakuinua macho, mwenye duka, na mlinzi wa duka la vipuri aliyepanda kuona taa inawaka kwa nini. Kisu cha mezani kinang'oa pini vizuri kuliko mkasi. Saa 6 usiku umeme ulikatika, wakawasha jenereta, mashine ya kuchapa ikachukua muda kupata moto. Tulimaliza saa 8. Mwenye duka alitoa chai ya maziwa na maandazi ya mchana, magumu, na hakuna chai niliyokunywa msibani iliyonikaa kama ile.

Zile 20 zilizotangulia tuliomba zirudishwe. Zilirudi 14.

Jumamosi ibada ilianza saa 7 mchana. Tarumbeta walikaa kushoto na kiti cha besi wakakiacha wazi. Wakati wa kumsindikiza migombani, mzee mmoja aliyepiga na Baba tangu ujana, mwalimu mstaafu naye, Simba wa kufa mtu, alikuwa na moja ya zile nakala sita. Alikuwa ameisoma kanisani kwa miwani yake minene. Tulipomaliza kuweka mashada akamsogelea Mama, akafungua ukurasa wa 9, akamwonyesha kwa kidole. "Shemeji, miaka yote hii tumekaa benchi moja. Alinificha!"

Mama alisoma. Akasoma tena. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika bega la mzee asianguke, wanawake wa jumuiya wakadhani analia wakaja mbio kumshika.

Kwa hiyo hiyo nyota moja sijui niifanyeje. Kosa ni kosa, na familia nyingine ingeumia. Fungueni kila ukurasa kabla ya kusema chapeni, tena kwenye karatasi, msikague kwenye kioo cha simu, na muwaambie waziwazi wasitumie maneno yao ya tayari. Pelekeni picha halisi mkaziskanie palepale, zilizopitia WhatsApp zinatoka na ukungu. Mkipata binti mwenye kucha za zambarau, msimwache. Siku za wikendi ya mwisho wa mwaka, Wachaga wakishapanda kwenda nyumbani, foleni yao inafika chini kwenye vipuri, nendeni mapema.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa ajili ya ibada ya shukrani. Safari hii ni karatasi moja tu iliyokunjwa, kurasa nne, shilingi 700, nakala 120. Nilibeba fleshi na daftari jipya nikidhani tunaanza upya. Binti akasema hakuna haja, faili analo. Akatafuta kwenye kompyuta, akashuka kwenye orodha ndefu ya majina ya watu, akasimama kwenye moja na kulifungua. Alikuwa amelihifadhi kama "Mzee wa Mtori final 7".